Kijiti Kilikuwa Kimoja

4 Februari

Mwanangu Mama Pacha,

Pokea salamu zangu. Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi linajua mvua kabla ya redio. Vipi wewe na wajukuu zangu? Yule mlizi bado analia na yule mnyamavu bado anamtazama tu? Baba yao amepewa likizo au bado wamemshikilia huko kwenye ujenzi wa barabara?

Naandika kwa sababu kwenye simu hatuelewani. Mimi sikio moja limestaafu, wewe una watoto wawili wanaopiga kelele kwa zamu, mwisho tunabaki "haloo, haloo" mpaka inakatika.

Nina jambo. Unamkumbuka fundi cherehani wa nyumba ya kona, yule aliyefiwa na mke? Amepata mbwa dume, pudeli mdogo, manyoya yamejikunja kama godoro lililopasuka. Amemwita Kifungo. Ana akili kuliko fundi mwenyewe. Nilipomwona tu nikamfikiria Pindo wako. Pindo ni chotara, mama yake Pazia wangu ni spanieli, baba yake pudeli. Akipandishwa na Kifungo watatoka watoto wazuri, masikio marefu, manyoya laini, wasiokujazia nyumba nywele.

Pazia ana miaka minane sasa. Nataka kuona kizazi chake kimoja zaidi kabla hajaondoka. Kwa hiyo Pindo akiingia joto umlete, na wewe ukae hapa mpaka azae. Ni wiki tisa tu. Mapacha nitawashika mimi, utalala mpaka usahau jina lako.

Mama yako

*

15 Februari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Pole na goti. Huku hatuumwi. Zaidi ya hapo siwezi kuapa.

Mama, wiki tisa sina. Hata siku tisa sina. Saa kumi na mbili asubuhi nawaacha mapacha kwa mlezi, saa moja niko kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Mashuka tunayakunja wawili wawili, mwenzangu kule, mimi huku, tunakutana katikati kama watu wanaosalimiana, tunaachana, tunaanza lingine. Juzi nililala nimesimama, ncha za shuka mkononi. Mwenzangu alilivuta kidogo nikashtuka. Akaniambia, "Dada, rudi, tumebakiza wodi mbili."

Nitasema hili mara moja halafu nitalinyamazia. Mapacha walipozaliwa nilikuomba uje. Ukasema kuku. Nikaomba tena, ukasema paa linavuja. Nikaomba tena, goti. Sasa wana miezi kumi na moja na hujawahi kuwashika. Na mara ya mwisho nilipokuja kwako, tumbo la miezi saba, nilivuta stuli ya mlangoni nikae, ukaniwakia kama nimepindua kabati la vyombo. Sijasahau.

Sasa la mbwa. Pindo akizaa, atakayefua matambara ni mimi, kwa hiyo masharti ni yangu. Nimempeleka kwa daktari wa mifugo. Amesema mbwa wa aina hii hawapandishwi hivi hivi kwa sababu wanapendeza. Kwanza macho, nyonga, magoti. Halafu kuna kipimo cha mate, kwa sababu spanieli na pudeli wote wana kasoro ya macho inayorithiwa. Mbwa aliyerithi nakala moja ya kasoro hiyo, kwa mzazi mmoja tu, anaona vizuri maisha yake yote. Lakini wawili wenye nakala moja moja wakikutanishwa, baadhi ya watoto watazaliwa na nakala mbili, na hao hukua vizuri halafu taratibu wanapofuka. Kwa hiyo nataka kujua kabla, siyo baada.

Pindo nimeshampima, nasubiri majibu. Kwenye bahasha hii kuna kijiti kimoja cha pamba na kichupa kimoja. Msugue Kifungo ndani ya shavu kwa nusu dakika, awe hajala kwa saa nzima. Kiache kikauke, andika jina lake, tuma. Anwani ya maabara nimeshaiandika. Majibu yatakuja kwangu.

Mwanao,
Mama Pacha

*

27 Februari

Mwanangu,

Salamu. Mimi sijambo. Wabusu wajukuu, mmoja shavu la kulia na mwingine la kushoto, wasigombane.

Kupima, kupima. Mimi na marehemu baba yako hakuna aliyetukagua magoti na tukazaa wanne. Ingawa nikiufikiria ukaidi wako naona pengine tungekaguliwa.

Kijiti nimekifanyia kazi kama ulivyosema, kimeshaondoka.

Kuhusu kuja, usinihesabie. Kuna sababu ambazo mtu huona haya hata kuziandika. Tuliache hapo.

Nataka kuuliza. Hiyo maabara inaweza kusema kasoro imetoka wapi? Yaani kama mnyama amezaliwa nayo, au kuna mtu alimsababishia? Nauliza tu.

Mama yako

*

2 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo. Mapacha wamepata mafua, wamenipa na mimi, nimewagawia watu wa kazini. Tunaendelea.

Majibu yametoka. Pindo ana nakala moja. Ataona vizuri mpaka uzeeni, ila lazima apewe dume asiye na kasoro kabisa.

Karatasi ya Kifungo inasema nakala mbili. Maana yake ni mbwa anayepofuka au aliyekwisha kupofuka. Nikasema basi, habari ya watoto imekufa, nikaikunja. Halafu nikaikunjua. Juu kabisa, kwenye mstari wa pili, wameandika: jike.

Nikapiga simu maabara kuwagombeza kwamba wamechanganya vichupa. Dada aliyepokea akanisikiliza mpaka nikamaliza, akaniambia kwa upole kwamba mate ya jike na ya dume hayafanani, na kichupa kilichofika ni cha jike.

Mama, Kifungo ni dume. Na hapo kwako kuna jike mmoja tu.

Pazia haoni tangu lini?

Mwanao,
Mama Pacha

*

20 Aprili

Mama,

Shikamoo. Wiki mbili na nusu. Simu inaita mpaka inachoka. Juzi nilimpata fundi cherehani kwenye simu yake, akasema uko mzima, anakuona uani unaanika nguo, na kwamba yeye hataki kuingizwa kwenye mambo ya wanawake wawili. Nikamuuliza kama Kifungo aliwahi kusuguliwa shavu na mtu yeyote. Akacheka akadhani namtania.

Sina hasira. Sawa, nina hasira kidogo. Niandikie hata mistari miwili.

Mwanao

*

9 Mei

Mwanangu, mtoto wangu wa mwisho,

Natumaini mafua yameisha. Mimi mwili mzima.

Nimechelewa kwa sababu niliandika barua tatu nikazichana. Ya kwanza ilikuwa uongo mtupu, ya pili ilikuwa na uongo kidogo, ya tatu ilikuwa machozi tu, haisomeki. Hii ni ya nne.

Kijiti kilikuwa kimoja. Nilikibeba mpaka mlangoni kwa fundi, Kifungo akaja mbio kunipokea, akaruka ndoo, akapita katikati ya miguu ya meza bila kugusa kitu. Nikamtazama mbwa anayeona. Nikageuka, nikarudi nyumbani, nikamsugua Pazia. Sikufikiria mbele. Nilitaka kujua, na sikutaka kukuuliza.

Ni mwaka wa pili huu. Ilianza jua likizama, anasimama uani haingii ndani mpaka nimwite. Halafu akaanza kugonga fremu ya mlango hata mchana. Siku chache kabla haijaanza nilikuwa nimemwogesha kwa dawa ya kupe. Ilimwingia machoni, akalia, na mimi nilikuwa na haraka, nikamwagia maji kopo moja nikaona yatosha. Hayakutosha. Nikajua ni mimi. Sikumpeleka kwa daktari, kwa sababu daktari angeuliza umemfanya nini.

Nyumba nikaipanga kwa ajili yake. Hakuna kinachosogea. Stuli ya mlangoni ndiyo alama yake: akiigusa kwa ndevu zake anajua kulia kuna bakuli, kushoto kuna uani. Siku ile uliyoivuta ukae, aliamka akaitafuta, akaikosa, akazunguka ndani ya chumba chake mwenyewe kama mgeni. Maneno yale nilikurushia wewe, lakini nilikuwa najikaripia mimi.

Ulipojifungua nilifunga begi. Nikamwacha Pazia kwa fundi, nikafika mpaka stendi, nikakata tiketi. Nikakaa pale nikasikia kama ananiita. Nikarudi. Nikamkuta amejibana nyuma ya cherehani, pua inatoka damu, amegonga kila kitu cha nyumba ile akinitafuta. Fundi wa watu anatetemeka kuliko mbwa.

Ningekwambiaje? Kwamba mama yako amekuacha na mapacha wa wiki moja kwa sababu ya mbwa? Niliona bora kuku. Bora paa.

Ndiyo maana nikazua habari ya watoto wa Pindo. Nilijua ukimleta utakuja na mapacha, na mimi nitawashika wajukuu wangu bila kutoka kwenye nyumba hii. Na kweli nilitamani kizazi cha Pazia. Yote mawili ni kweli.

Nijibu neno moja. Karatasi inasema ni ile dawa, au siyo?

Mama yako

*

21 Mei

Mama,

Leo salamu zitafuata. Siyo ile dawa.

Siyo dawa, siyo kopo moja la maji, siyo haraka yako. Nilimpigia tena yule dada wa maabara nikamsomea barua yako, ile sehemu ya kuogesha. Akasema dawa ya kupe ingewasha macho siku mbili tatu, basi. Pazia alizaliwa na nakala mbili, moja ya mama yake, moja ya baba yake. Ungemwogesha kwa maji ya mvua peke yake na bado leo angekuwa haoni. Isome tena sehemu hii kama unataka. Mimi niliisoma mara tatu kabla ya kuiandika.

Sasa shikamoo. Hatujambo. Mlizi ameota jino, mnyamavu ameng'atwa nalo.

Niliposoma habari ya stendi niliketi kwenye kapu la mashuka machafu, na hairuhusiwi kuketi pale. Mama, mimi mwaka mzima nilidhani hunitaki. Nilikuwa nakunja mashuka nahesabu makosa yangu, lipi lilikufanya usije. Ungeniambia "mbwa wangu haoni, siwezi kumwacha", ningekasirika wiki moja. Wiki moja tu. Umeninyima hiyo wiki ukanipa mwaka.

Na la pili, nalo sikufichi. Ulijua Pazia haoni na bado ukataka nimpandishe Pindo bila kupima. Kama ningekusikiliza, na kama Kifungo naye angekuwa amebeba kasoro, leo tungekuwa tunasubiri watoto ambao baadhi yao kila mmoja angehitaji nyumba yake na stuli yake. Hapo sikupi pole.

Kwa hiyo nakuomba mambo matatu, na siyo ombi.

Pindo alizaliwa na wenzake watatu na wewe uliwagawa. Wote wamerithi nakala moja kwa Pazia, na kama baba yao naye alikuwa nayo, yupo anayeweza kuwa na mbili. Waambie wenye nao, uso kwa uso, wasije nao wakadhani ni dawa ya kupe.

Pili, kijiti kingine hiki hapa. Mpe fundi amsugue Kifungo mwenyewe. Wewe usikishike. Na ampeleke akaguliwe magoti na nyonga.

Tatu, nipimie nyumba yako. Mlango mpaka stuli, stuli mpaka bakuli, bakuli mpaka anapolala. Na kimo cha stuli. Usiulize kwa nini.

Mwanao anayekupenda na aliyekukasirikia,
Mama Pacha

*

6 Julai

Mwanangu,

Natumaini ng'ato imepona. Mimi nimelala usingizi wa watu wazima kwa mara ya kwanza tangu mwaka juzi. Ile sehemu niliisoma mpaka karatasi ikalegea kwenye mkunjo.

Wenye mbwa nimewaambia. Mwalimu alisema asante, atampima wa kwake. Muuza mboga alisema wa kwake alishakufa kwa kugongwa na baiskeli, nikampa pole. Mke wa dereva alininunia. Nikamwacha anune, ni haki yake. Kesho yake alikuja kuuliza jina la kipimo.

Majibu ya Kifungo safari hii yamekuja kwa fundi: macho safi, hana hata nakala moja. Fundi akapiga makofi. Halafu daktari akamshika goti la nyuma, kifupa kikateleza pembeni kikarudi chenyewe, kop. Mara mbili. Daktari akasema mbwa huyu aishi salama, ila asizae, maana watoto watarithi goti hilo. Fundi akakasirika kwelikweli. "Goti? Mimi mwenyewe nina goti linalofanya hivyohivyo na nimezaa sita!" Daktari akamuuliza, "Na wao magoti yao yakoje?" Fundi akambeba Kifungo kwapani mpaka nyumbani. Mlangoni akaniambia, "Wanne wanachechemea."

Basi, harusi ya Kifungo na Pindo haipo. Nimesikitika, sitakudanganya. Nilikuwa nimeshatenga sanduku la kuzalia.

Vipimo ulivyotaka, fundi amevichukua kwa futi yake ya kushonea, anapiga magoti na pini mdomoni kama anaikatia nyumba suti. Mlango mpaka stuli, sentimita mia na arobaini. Stuli mpaka bakuli, tisini, upande wa kulia. Bakuli mpaka godoro lake, mia mbili na kumi, ukuta uko kushoto njia nzima. Stuli ina kimo cha arobaini na tano, miguu mitatu. Sakafu ya mlangoni kuna mkeka, anaujua kwa kucha.

Sijauliza kwa nini. Lakini usiku naota najibu.

Mama yako

*

19 Julai

Mama yangu,

Shikamoo. Tunaendelea, na leo naandika nikiwa sina mgongo.

Nimehamisha sebule yangu yote. Mwenzangu wa mashuka alikuja kunisaidia, tukalibeba kabati kama tunavyobeba shuka, yeye kule mimi huku, ila lenyewe halikunjiki. Mlango mpaka stuli ni mia na arobaini. Nimepima mara mbili. Stuli nimeinunua kwa watu wanaohama, ilikuwa ndefu, nimeikata miguu, mmoja nikaukata sana nikaupachika kipande cha mbao. Kimo arobaini na tano, nayo miguu ni mitatu. Bakuli kulia. Kochi limeondoka ukutani ili ukuta uwe kushoto njia nzima, sasa televisheni tunaitazama shingo upande. Mkeka nimetandika.

Kitanda cha mapacha ndicho sikujua nikiweke wapi, maana kwako hakuna kitu kama hicho. Nimekiweka baada ya godoro la Pazia. Atakigonga. Nimekizungushia blanketi.

Pindo amepigwa picha ya nyonga, ziko vizuri, na magoti pia. Daktari anasema anaweza kuzaa salama tukipata dume safi wa macho na wa magoti. Labda mwakani. Labda wakati huo mapacha watakuwa wanatembea na mimi nitakuwa nimelala mara moja. Kwa sasa, Mama, sina nguvu ya kupanga uzazi wa kiumbe chochote.

Kwa hiyo sikuombi uchague. Njoo na mbwa wako. Funga begi mara moja hii, na akibweka stendi, mwache abweke.

Mwanao,
Mama Pacha

*

2 Agosti, saa kumi alasiri

Mwanangu,

Salamu, na karibu nyumbani kwako. Barua hii haina stempu, iko chini ya kikombe, na majibu yake sitaki.

Mlezi wa watoto alikataa kunipa mapacha mpaka nilipomwonyesha barua zako zote. Amezisoma, anakujua sasa kuliko mumeo. Nimewachukua, pamoja na ufunguo wa nyumba. Yule mlizi alilia, yule mnyamavu alinitazama, halafu wakabadilishana.

Pazia alisimama mlangoni muda mrefu. Pindo alikuja akamnusa, yeye akawa kama hasikii. Akakanyaga mkeka. Akatembea akaigusa stuli yako kwa ndevu, akakaa kidogo pale kwenye ule mguu wenye kipande cha mbao. Akageuka kulia akanywa maji. Akafuata ukuta mpaka kwenye godoro. Hakugonga kitu. Nililia, nikaacha, kwa sababu mikono ilikuwa imejaa wajukuu.

Kisha akaendelea mbele akakigonga kitanda cha mapacha, kama ulivyosema. Mlizi akacheka. Akakigonga tena, nadhani kwa kusudi.

Tuko uani wote. Usije kutuangalia, usioshe chombo, usikunje kitu chochote. Nenda moja kwa moja kalale, mpaka uamke mwenyewe.

Na ukipita mlangoni, usisogeze stuli.

Mama yako